Ufunguo Ulioenda Matangani

Kwa miaka mingi nilitembea na funguo kiunoni na sikuona haya. Nilizifunga kwa ukanda niliokata kwenye leso kuukuu, zikaning'inia juu ya paja la kulia, na kila nilipopita kwenye baraza ya wodi wauguzi walinisikia kabla ya kuniona. Kisirisiri waliniita Mama Kufuli. Nilijua, na kusema kweli jina hilo lilinipendeza kuliko lile nililobatizwa nalo.

Nilikuwa mfamasia wa hospitali ndogo iliyo kando ya barabara, si mbali na Mabanga. Ukitoka Bungoma mjini unatufikia kabla hujamaliza chupa ya soda. Famasi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kupokelea dawa, rafu tatu za mbao, friji, na kabati la dawa adimu nililotengenezewa na seremala wa pale sokoni. Tulikuwa wawili kazini, mimi na msaidizi wangu, bwana mpole aliyesema "sawa daktari" kwa kila kitu, hata kwa yale ambayo hayakuwa sawa. Kwetu yeyote mwenye koti jeupe ni daktari, nami sikujisumbua kumsahihisha mtu.

Ndani ya kabati lile nilikuwa naweka dawa ya kugandisha damu. Ni vichupa vidogo vya kioo, ukivitazama utadhani vina maji. Mama akishajifungua na damu ikakataa kukatika, dawa hii huingizwa polepole kwenye mshipa, nayo huilinda ile damu iliyoganda isiyeyuke tena, mpaka mwili upate nafasi ya kujifunga wenyewe. Hufanya kazi vizuri ikiwahi. Ikichelewa, kila dakika inayopita inaipunguzia nguvu, hadi mwishowe ni kama kweli umemdunga maji. Haya yote nilifundishwa chuoni, nikayajibu kwenye mtihani, nikayaacha huko huko kwenye mtihani.

Sababu ya kuifungia ilikuwepo. Wakati mmoja vichupa vyote viliisha ndani ya majuma mawili bila hata mama mmoja kutokwa na damu ya kutisha. Nilipofuatilia nikakuta kimoja kilitumiwa kwa mtu aliyeng'olewa jino, kingine kwa mlevi aliyetoka damu puani, na vilivyobaki hakuna aliyejua vilikokwenda. Mimi hasira zangu haziko mbali, na siku hiyo zilifika zote. Nikaenda Bungoma mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikamwambia mwenye duka anipe kufuli ambalo hata yeye mwenyewe hawezi kulivunja. Akanipa moja nene, la shaba, zito mkononi. Kisha nikatunga sheria: dawa hii haitoki bila fomu yenye sahihi mbili, ya muuguzi na ya daktari, na ufunguo unakaa kwangu. Mali bila daftari hupotea bila habari, niliwaambia kwenye mkutano wa asubuhi, na wote wakatikisa vichwa kukubali.

Tangu siku hiyo hakikupotea kichupa hata kimoja. Nilijisifu nyumbani, nikajisifu na kanisani.

Basi baba mdogo wa mume wangu akafariki, mazishi yakapangwa Ijumaa huko Misikhu. Kwetu mke wa ukoo haendi matangani kama mgeni, anakwenda kupika. Msimamizi wa jiko alikuwa dada wa marehemu, shangazi wa mume wangu, ambaye kwetu huitwa senge, mama mrefu asiyecheka bila sababu. Na inajulikana kwamba mke anayeondoka kabla ya mwili kuingia kaburini atasemwa mpaka wajukuu wake wasikie.

Asubuhi hiyo nilipitia kazini kwanza. Msaidizi wangu alikuwa likizoni, amesafiri kwao. Nilimwachia sista wa zamu dawa za siku kwenye trei: za maumivu, za malaria, za kuhara, na maji ya kuwekea wagonjwa kwenye mshipa. Kisha nikasimama mbele ya kabati la dawa adimu, ufunguo mkononi, nikafikiria kutoa vichupa viwili nimwachie. Nikajiuliza ni nani atakayetokwa na damu kati ya asubuhi na saa nane. Nikalikumbuka lile jino, nikaikumbuka na pua ya yule mlevi, nikaurudisha ufunguo kiunoni nikaenda kuzika.

Yapata saa tano na nusu nilikuwa nasonga ugali kwenye sufuria ya watu hamsini, moshi umenijaa machoni, simu ikatetemeka ndani ya aproni. Alikuwa sista wa zamu, mkunga wa siku nyingi ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti.

"Daktari, uko wapi?"

"Niko Misikhu, matangani. Si nilikuambia."

"Na ufunguo wa kabati?"

Nilishika kiuno. "Niko nao."

Kisha akanieleza kwamba kuna mama wa kutoka Cheptais, aliyeteremka kwa dada yake Mabanga ili ajifungulie karibu na hospitali. Amezaa vizuri, mtoto analia, lakini damu haikatiki. Wamempa sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, wamemkanda tumbo, wamemwekea maji, na shuka zimelowa mara ya pili. Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu mwingine akimsihi mama huyo asifumbe macho.

Ninachoandika sasa sikumsimulia mtu kwa muda mrefu, hata mume wangu. Swali langu la kwanza lilikuwa hili:

"Fomu imeandikwa?"

Sista hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya chini, "Nimekwambia mama anatoka damu."

Mwiko ukabaki umesimama wenyewe kwenye ugali. Nilimwambia avunje kufuli. Akauliza alivunje na nini. Nikasema na nyundo, na jiwe, na chochote kilicho karibu. Akamwita askari wa langoni, nikasikia kishindo, kikafuata kingine, kisha vingi mfululizo, na askari akilalamika kwamba kufuli hili ni la benki, si la hospitali. Nililichagua mwenyewe kwa sababu halivunjiki. Nilisimama pale katikati ya masufuria, wake wenzangu wakinitazama, nikalisikiliza kufuli langu likifanya kazi yake vizuri.

Halafu nikazikumbuka bawaba. Seremala wa sokoni alikuwa amezifunga kwa nje, mbili, kila moja na skrubu nne zinazoonekana na kila anayeingia famasi. Nikamwambia sista waachane na kufuli, wafungue mlango kwa upande ule mwingine. Bisibisi haikuwepo. Askari akachukua kisu cha mezani kutoka jikoni akaanza na skrubu ya juu, na mimi nikaanza kukimbia. Senge aliniona nikikata uani na aproni yangu yenye masizi. Aliniita mara moja kwa sauti ya kuita watu wote, sikugeuka.

Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoikuta barabarani. Simu ilikuwa sikioni, na tukiteremka kuelekea Webuye nilizihesabu skrubu pamoja na askari, ya kwanza, ya pili, ya tatu ambayo ilikuwa imeshika kutu na kumkatalia. Ile ya nane ilipotoka nilimsikia akihema.

"Mrango umetoka, daktali," akasema, na simu ikakatika.

Safari iliyobaki ni ya nusu saa na zaidi hata kama pikipiki ni nzima. Niliomba njia yote, na sala yenyewe haikuwa na maneno mengi. Ilikuwa neno moja tu, asife, asife, mpaka mwenye pikipiki akageuka kuuliza kama nilikuwa namwambia yeye.

Hakufa. Nilipofika dawa ilikuwa imeshaingia na damu ilikuwa imepungua, na walikuwa wanampakia kwenye ambulensi wampeleke mjini akaongezewe damu. Midomo yake ilikuwa imepauka, lakini macho yalikuwa wazi na yalinitazama nilipomshika mguu. Mtoto alifuata mikononi mwa mama mdogo wake. Sista alikuwa ameandika saa kwa biro nyuma ya mkono wake, kama wakunga wanavyofanya wakikosa karatasi: saa damu ilipoanza, na saa dawa ilipoingia. Nilizisoma, nikatoa moja kwenye nyingine mwenyewe. Dakika hamsini na moja.

Nikaenda famasi. Mlango wa kabati ulikuwa unaning'inia kwenye kufuli langu, na kufuli lenyewe bado limefunga barabara. Nililitazama kwa muda. Mwizi yeyote mwenye kisu cha kupakia siagi angeweza kuingia humo siku yoyote aliyotaka, na hakuna aliyewahi kujaribu. Kwa miaka yote hiyo niliyekuwa nimemfungia nje ni sista. Niliketi kwenye kiti changu cha dirishani nikalia, na mgonjwa mmoja aliyekuwa anasubiri dawa ya kikohozi akaona ni heshima arudi baadaye.

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo, kwamba nilijifunza. Binadamu hajifunzi haraka hivyo, hasa akiwa na cheo. Baada ya siku nane nilifunga safari hadi mjini kumwona yule mama. Nilibeba ndizi za kuiva na chupa ya chai ya maziwa, na njiani nilijipangia maneno ya kutubu. Nilimkuta ameketi kitandani, amekonda, ananyonyesha. Pembeni yake alikuwa mama yake mzazi aliyeteremka kutoka Cheptais, bado amevaa sweta lake zito la mlimani katika lile joto la Bungoma. Sikuzunguka. Niliwaambia kwamba dawa ilikuwepo hatua chache tu kutoka kitandani, kwamba ilichelewa kwa sababu ufunguo nilikuwa nao mimi, na kwamba siku hiyo mimi nilikuwa Misikhu nasonga ugali.

Yule mama mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Alikunja blanketi la mtoto, akalikunjua, akalikunja tena.

"Na leo," akaniuliza, "hiyo funguo iko na nani?"

Nilifungua kinywa kumjibu, kisha mkono wangu ukaenda wenyewe kiunoni. Msaidizi wangu alikuwa bado hajarudi. Fundi alikuwa ameshaurudisha mlango wa kabati mahali pake, na mara hii bawaba zilikuwa kwa ndani, ili asitokee tena mtu wa kuzifungua kwa kisu. Ni mimi niliyemwagiza hivyo. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha na ufunguo uleule ukiwa umening'inia pajani, na kule Mabanga wodi ilikuwa na kina mama watatu wanaosubiri kujifungua.

Mama mkubwa hakuongeza neno. Aliutazama tu mkono wangu. Binti yake ndiye aliyecheka, kicheko chembamba cha mtu ambaye damu haijamtosha bado.

"Rudi, mama," akaniambia. "Si urudi sasa."

Nilirudi. Sikumbuki kama niliwaaga, na chupa yangu ya chai iliishia huko. Njiani sikuomba wala sikulia, nilikuwa na aibu kavu ya kunifanya niketi wima. Niliposhuka nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati, nikatoa vichupa, nikaviweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na sindano na mrija wa kuwekea maji. Juu yake nikabandika plasta pana na kuandika DAMU kwa herufi kubwa. Fomu nikaikunja nikaitia ndani, iandikwe baadaye, mama akishatulia. Kopo nikaliweka kwenye dirisha la chumba cha kujifungulia, hatua mbili kutoka kitanda cha kuzalia. Sista alilitazama kopo, akanitazama mimi, akasema asante. Hakunitania siku hiyo, na hiyo ndiyo iliyonionyesha uzito wa jambo lenyewe.

Senge naye alinisema kwa miezi mitatu, hadi nilipokwenda Misikhu na kuku kumweleza. Alisikiliza, akauliza kama mama alipona, nikasema ndiyo, na mtoto pia. Basi ule ugali ulioungua tulikula, akasema, na mambo yakaisha.

Baadaye mimi na mume wangu tulihamia Kitale, tukalima mahindi kwenye kipande cha shamba nje ya mji, nami nikapata kazi katika hospitali moja ya huko, kubwa kuliko ile ya kwanza. Nilipenda Kitale tangu asubuhi ya kwanza, baridi yake ya kuamkia uji na harufu ya udongo uliolimwa. Famasi ilikuwa na watu sita na dirisha la kioo. Hakuna aliyejua kwamba nimewahi kuitwa Mama Kufuli, nami nilikuja kiuno kitupu.

Juma la pili nilimwomba sista mkuu wa wodi ya uzazi tufanye jaribio. Alikuwa mama mnene mcheshi, akakubali kwa kuwa aliona nitamchekesha. Tulijifanya mama mmoja ameanza kutokwa na damu, tukabonyeza saa ya simu, tukamtuma mhudumu akaifuate dawa kama siku zote. Kwanza alimtafuta daktari wa kutia sahihi, akamkuta upasuaji. Kisha akatafuta muhuri. Kisha akateremka hadi famasi, akafika dirishani, na hapo nikaona kitu ambacho sikukitarajia: akasimama nyuma ya foleni. Mbele yake kulikuwa na watu wa malaria, mzee wa presha, na kina mama wenye watoto wanaokohoa. Mhudumu alisimama kwa adabu, fomu mkononi, akasogea kila wenzake waliposogea. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakupita mbele, alinishangaa.

"Kwani wote si ni wagonjwa, daktari?" akasema.

Sista mkuu aliacha kucheka. Tulipopiga hesabu, kutoka dirishani hadi kitandani dawa ilitembea dakika tatu tu. Zilizobaki zote zilikuwa zetu sisi watu, za sahihi na muhuri na adabu. Hakukuwa na mtu mbaya hata mmoja katika mnyororo huo. Kila mmoja alikuwa amefanya kama alivyofundishwa, na mama wetu wa kuigiza alikuwa ameshakufa kitambo.

Nilipeleka jambo hilo kwenye kikao. Nilitaka masanduku mekundu ukutani, moja wodi ya uzazi, moja chumba cha upasuaji, moja kwa wagonjwa wa dharura, kila kitu kinachohitajika kikiwa ndani, na kitanzi cha plastiki cha kufungia, kinachokatika kwa kuvutwa na kidole kimoja. Tumia kwanza, andika baadaye. Msimamizi wa stoo akapinga. Alikuwa bwana makini, kalamu tatu mfukoni, na kila alichosema niliwahi kukisema mimi: dawa zitapotea, zitatumiwa kwa meno, zitatumiwa kwa pua. Akamalizia kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Lakini niliona kicheko hakitoshi. Kwa hiyo nikawasimulia habari ya Misikhu yote, na kwa mara ya kwanza nikalisema mbele ya watu lile swali langu la fomu. Msimamizi wa stoo alitazama kalamu zake, kisha akauliza tutahitaji masanduku mangapi.

Seremala wa huko Kitale alikuja wiki iliyofuata nilipokuwa shambani. Niliporudi kazini masanduku yalikuwa yamepakwa rangi nzuri, yamekazwa ukutani, na kila moja lilikuwa na kufuli dogo linalong'aa. Nilimpigia simu. Alikuwa Kiminini kwenye kazi nyingine, na funguo zote tatu alikuwa nazo mfukoni. Ati sanduku la dawa bila kufuli, daktari, watu si watanicheka? Nilitaka kumfokea, hasira zilishafika kooni, lakini nikaangukia benchi kwa kicheko hadi sista mkuu akaja kuona kuna nini. Sikumngoja arudi. Nikaazima bisibisi kwa fundi wa umeme, nikafungua skrubu za pete zote tatu zilizoshika kufuli kwa mkono wangu, na tangu siku hiyo bisibisi yangu mwenyewe hukaa ndani ya mkoba.

Sitasema kwamba tabia ya zamani ilikwisha. Miezi ya mwanzo nilipita kila asubuhi nikijidai nasalimia, kumbe nahesabu vichupa kwa jicho la pembeni. Wauguzi waligundua siku ya pili. "Daktari, kimoja tumekunywa na chai," walikuwa wakiniambia, na mimi nikajifanya sikusikia. Kila kichupa kilikuwepo. Jioni nilikwenda nyumbani na moyo mwepesi, kisha nikiwa napika nikawa najiuliza siku itakapofika kweli itakuwaje, nani ataogopa, nani atasahau, nani atanipigia simu. Nililala na simu karibu na mto.

Msimu wa mavuno uliopita nilichukua siku tatu za kuvuna. Niliporudi Jumatatu nilipita kwenye sanduku la wodi ya uzazi kama kawaida yangu, nikaona kitanzi cha plastiki si kile nilichokiacha. Kile kilikuwa cheupe, hiki kilikuwa cha kijani. Sista wa zamu alikuwa anakunywa chai dirishani. Nikamuuliza.

Akafikiri kidogo. "Ah, hiyo. Ilitumika Jumamosi. Mama alizaa, akaanza kutoka damu nyingi, tukampa, ikakata."

"Baada ya muda gani?"

"Hata sijui, daktari. Dakika mbili, tatu. Imeandikwa kwa fomu." Kisha akaniuliza kama nimemletea mahindi mabichi ya kuchoma au nimeyamaliza yote na bwana wangu.

Lazima nikiri kwamba niliumia kidogo. Siku niliyoisubiri ilikuja ikapita, na hakuna aliyenipigia hata kunipa habari. Jumamosi hiyo saa hiyo mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia nikimenya mua. Niliichukua ile fomu nikasoma saa zilizoandikwa, na sista alikuwa sawa, ilikuwa dakika tatu. Ndipo furaha ikanishika, polepole kwanza, kisha yote kwa pamoja, hata nikalazimika kuegemea ukuta. Wamenisahau kwa sababu hawakunihitaji. Jambo ambalo kule Mabanga lilisimamisha hospitali nzima, hapa halikuvuka hata Jumapili.

Nikaomba kumwona yule mama. Kitanda chake kilikuwa cha mwisho, karibu na dirisha, na nilimkuta ameshavaa, mtoto amefungwa vizuri ndani ya shali, nguo ziko nusu ndani ya mkoba. Alikuwa na uso wa mtu mwenye shida kubwa. Nilipokaribia alinishika mkono.

"Daktari, mnatuachilia saa ngapi?"

Nilimwambia bado kidogo, daktari wa wodi anapita. Akatazama nje. Upande wa mlima mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Nimeacha mahindi nje," akasema. "Turubai mbili nzima. Na bwana yangu hajui kuangalia mawingu. Yataloa yote."

Nilikuwa nimekuja na maneno. Nilitaka kumwambia juu ya Jumamosi, jinsi alivyokuwa karibu, na juu ya mama mwingine ambaye alisubiri dakika hamsini na moja. Lakini hakuwa ananitazama mimi tena. Alikuwa anatazama yale mawingu, anatapatapa, miguu imeshaingia kwenye viatu. Nikaufunga mkoba wake, nikambebea hadi mlangoni, nikaenda mwenyewe kumharakisha daktari wa wodi. Sikumwambia kitu. Alikuwa na mahindi ya kuanua, na mvua ilikuwa inakuja.